Nyumba Zinazojiendesha Hapa Lamu: Kazi Si Kufunga, Kazi Ni Kurudi

Nimekuwa kimya kwa muda, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kulikoni. Sijaacha kuandika programu. Ila huu ni mwaka wa pili nusu ya wiki yangu inapita juu ya ngazi, bisibisi mkononi, katika nyumba za watu hapa Amu, nikifunga vifaa vya kuendesha taa, pampu za maji, feni na betri za sola. Maswali yenu yamekuwa mawili: kazi hiyo inawezekanaje katika mji wa vichochoro na punda, na je, inalipa? Leo nitajibu yote mawili. Ni habari ndefu kidogo, kwa hiyo mimina kahawa kwanza.

Kwa wale ambao hawajakutana na mambo haya: "nyumba janja", kama magazeti yanavyopenda kuiita, ni nyumba ambayo vifaa vyake vinaweza kupokea amri bila mtu kugusa swichi, na vinaweza kutoa habari zake vyenyewe. Tangi linasema limejaa. Betri inasema imechoka. Wazo hili si jipya. Mfumo wa X10 ulibuniwa Scotland mwaka 1975, ukipeleka amri kwa kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani. Kilichobadilika ni bei. Kampuni ya Espressif ya Uchina ilipotoa chipu ya ESP8266 mwaka 2014, kifaa chenye waifai ndani yake kikawa kitu cha mtu wa kawaida kununua na kuchezea. Na mwaka mmoja kabla, Paulus Schoutsen alikuwa ameanza Home Assistant, programu ya bure inayoweza kuwa ubongo wa nyumba nzima ikiwa imekaa kwenye kompyuta ndogo ya kiasi cha kiganja.

Sasa, kwa nini Lamu? Kwanza ni kwetu. Pili, katika kisiwa hiki, hasa Shela, kuna nyumba nyingi ambazo wenyewe wako Ulaya au Nairobi na huja wiki chache tu kwa mwaka. Nyumba inabaki na mwangalizi. Mwenye nyumba akiwa mbali anataka kujua mambo manne: maji yapo? Pampu nzima? Betri zimejaa? Friji inafanya kazi? Mtu anayeweza kumjibu maswali hayo kila siku ana biashara. Tatizo ni kwamba vizuizi vya biashara hiyo havimo katika vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vifaa. Hivi hapa, kimoja kimoja.

1. Kuta

Nyumba ya kale ya Amu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake inashikwa na boriti za mikoko. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana watu wake hapa wanaoangalia nini kinabomolewa na nini kinaongezwa. Kwa hiyo huwezi kuingia na tindo ukachimba mfereji wa waya utakavyo. Na hata kama ungeruhusiwa, chokaa ya zamani ukiigonga sehemu moja inaachia sehemu tatu.

Basi utasema: tumia vifaa visivyo na waya. Vizuri, lakini ukuta uleule unaokataa waya unameza pia mawimbi ya redio. Katika nyumba moja ya Mkomani ruta ilikuwa tekani, pale unapoingia tu. Nikasimama katika chumba cha ndani, hatua kama kumi hivi, na simu yangu haikuona hata dalili ya waifai. Kuta mbili za matumbawe zilitosha kuimaliza.

Dawa niliyoipata imo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya Amu ina kiwanda, yaani ua wa ndani usiofunikwa, na vyumba vyote vinapata hewa na mwanga kutoka hapo. Ukiweka kituo cha mawimbi kiwandani badala ya mlangoni, mawimbi yanapanda na ule uwazi hadi ghorofa za juu na kuingia vyumbani kwa milango, kama upepo unavyoingia. Halafu ninatumia vifaa vya Zigbee, ambavyo kila kimoja kilicho kwenye umeme kinampokea mwenzake ujumbe na kuupitisha, kama vibarua wanavyopokezana mawe kutoka jahazini. Ukuta mnene unazungukwa, hauvunjwi.

Kizuizi kingine kiko nyuma ya swichi. Nyumba zetu nyingi zimefungwa waya kwa mtindo wa Kiingereza: nyutro inaishia juu kwenye taa, na kwenye swichi zinashuka nyaya mbili tu, moto unaoingia na moto unaotoka. Swichi nyingi za kisasa zinahitaji nyutro ili zipate umeme wa kujiendesha zenyewe. Zipo zisizohitaji, lakini hizo hupitisha umeme kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na taa za LED zinaanza kumemeta usiku kama vimulimuli. Kapasita ndogo ukiifunga sambamba na taa inatuliza jambo hilo. Weka akiba mfukoni kila unapokwenda kazini.

2. Umeme, chumvi na mjusi kafiri

Zamani Lamu ilikuwa na jenereta zake za dizeli. Sasa tumeunganishwa na gridi ya taifa, na gridi ikianguka tunaanguka nayo, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Lakini wasomaji wangu, umeme kukatika si shida kubwa. Shida ni umeme KURUDI.

Unaporudi, mara nyingi unarudi na kishindo, na kifaa kisicho na kinga kinaungua. Hata kama hakikuungua, vifaa ishirini vinaamka kwa mpigo mmoja vikitafuta ruta ambayo yenyewe bado inaamka. Baadhi vinatafuta mara tatu, vinakata tamaa na kukaa kimya hadi mtu aje avizime na kuviwasha tena. Ukiwa mbali, nyumba inaonekana imekufa.

Hapa ndipo kazi ya kuandika programu inaponisaidia. Katika programu tunajifunza kuuliza: kitu hiki kikianza upya, kinaanza katika hali gani? Kwa taa haina uzito. Kwa pampu ni jambo la uhai na mauti. Pampu ikiamka ikakumbuka "nilikuwa nafanya kazi" na kuanza kuvuta kisima kikavu, mota inaungua. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: umeme ukirudi, pampu inabaki imezimwa mpaka kihisi cha maji (kile kidude kinachopima kina) kiseme maji yapo chini na nafasi ipo juu. Na ubongo wa nyumba pamoja na ruta vina betri yao ndogo, visizimike kabisa.

Halafu kuna chumvi. Nyumba iliyotazama bahari, upepo wa kusi ukivuma miezi ile, inapata chumvi kila mahali. Bodi ya saketi iliyo wazi inaota ukungu wa kijani. Dawa ni kuipaka vanishi maalumu ya kinga na kuitia katika sanduku lililofungwa vizuri. Na sanduku lisipofungwa vizuri, mjusi kafiri ataingia kwa ajili ya joto, atapita juu ya mahali penye umeme, na huo utakuwa mwisho wake na wa bodi yako. Sasa kila tundu la waya naliziba kwa silikoni. Sijaona maelekezo ya kiwanda chochote yanayomtaja mjusi!

3. Vifaa vyenye bwana mwingine

Mteja mmoja alikuja na sanduku zima la vifaa alivyonunua Marekani. Vizuri na vya gharama. Vyote vilikuwa vya volti 120, na hapa kwetu ni 240. Tena vilikuwa vya Z-Wave ya Marekani, inayotumia masafa ya redio tofauti na yale ya Ulaya, kwa hiyo hata zile za betri zisingeongea na kituo nilichonacho. Sanduku likarudi lilikotoka.

Lakini kuna tatizo kubwa kuliko volti. Vifaa vingi vya dukani haviongei na nyumba. Vinaongea na seva ya kampuni iliyovitengeneza, huko mbali, na seva ndiyo inayowasha taa ya chumbani kwako. Intaneti ikikatika, swichi ni pambo. Na kampuni ikifunga duka, swichi ni takataka. Si hadithi hizi. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima seva za kituo cha Revolv, na watu waliokuwa wamekinunua wakabaki na sanduku tupu. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika bila wateja kuambiwa, na nyumba nyingi zikaamka asubuhi hazisikii amri.

Kwa hiyo kwangu ni sharti: kila kitu kifanye kazi ndani ya nyumba hata intaneti ikikatika mwezi mzima. Intaneti ni ya kupeleka habari nje tu. Tangu Starlink ianze Kenya Julai 2023, kupata intaneti katika nyumba za mbali kumekuwa rahisi zaidi, lakini sharti langu halijabadilika. Kwa kupeleka habari natumia MQTT, lugha ya vifaa iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kusimamia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, wakati ambapo kila herufi iliyopita hewani ilikuwa na bei. Inafaa sana kwa nyumba zetu.

4. Leseni, kwa ufupi

Mimi ni mwandishi wa programu, si fundi umeme. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mwenye leseni ya EPRA, na ya sola ina leseni zake. Tangu siku ya kwanza nimeshirikiana na fundi mwenye leseni. Yeye hugusa moto, mimi hugusa kompyuta, na mapato tunagawana. Kama unataka kuanza kazi hii na huna mwenzako wa namna hiyo, usianze.

5. Mtumiaji ni nani?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo ya juu yote yana dawa dukani.

Sisi waandishi wa programu tuna swali tunalouliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza: mtumiaji ni nani? Anayelipa na anayetumia si lazima wawe mtu mmoja. Katika nyumba za Amu anayelipa yuko London au Paris. Anayetumia, siku mia tatu kwa mwaka, ni mwangalizi: mtu mzima, mara nyingi ana umri wa baba yangu, ninayemwita Ami nikiingia na ninayekutana naye Ijumaa msikitini.

Katika nyumba moja Shela nilipomwonyesha mwangalizi kazi ninayotaka kufanya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hiki kitu kikishajua kila kitu, mimi nitabaki na kazi gani?"

Fikirieni swali hilo. Huyu mtu mshahara wake ni kujua: kujua maji yanakuja saa ngapi, pampu inalia vipi ikiwa na afya, mlango upi unavimba mvua ikinyesha. Mimi nimekuja kuuza kujua huko kwa tajiri wake.

Nilimwomba mwenye nyumba tusifunge chochote cha kujiendesha kwa mwezi wa kwanza. Tuweke vihisi tu, tupime. Maji ya bomba katika nyumba ile hayaji saa zote. Mara nyingi huja usiku, na lazima mtu awashe pampu kuyapandisha tangi la juu kabla hayajakatika. Mwezi ulipokwisha tukatazama rekodi. Usiku kumi na saba pampu ilikuwa imewashwa kati ya saa saba na saa kumi na moja za usiku. Usiku kumi na saba Ami alikuwa ameamka, akashuka ngazi gizani, akasubiri tangi lijae, akazima na kurudi kulala. Miaka yote hiyo mwenye nyumba alikuwa akifungua bomba la kuogea na maji yanatoka, basi. Hakuwahi kujua yanatoka katika usingizi wa nani.

Nilimpelekea rekodi ile kama ilivyo, sikuongeza neno. Aliporudi mwezi wa Desemba alimwongezea Ami mshahara. Ndipo tukafunga pampu ijiendeshe, na Ami analala. Taarifa zote za nyumba ile zinakwenda kwanza kwenye simu yake, simu ndogo ya vitufe, kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili: "Tangi la juu nusu. Pampu imezimwa." Mwenye nyumba anapata taarifa baada ya nusu saa, na tu ikiwa jambo halijashughulikiwa. Na kila kifaa kina swichi ya mkono ambayo Ami anaweza kuigeuza na mashine ikamtii, si yeye aitii mashine.

Upande wa pili wa habari hii hauna mwisho mwema. Mteja mwingine alitaka kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: nyumba nzima, taa, betri, maji, na kamera nne. Moja kiwandani, moja jikoni, moja juu ya paa, na moja kwenye daka ikitazama kichochoro. Na akasema mwangalizi asiambiwe.

Wale msioijua nyumba ya Amu, ngoja niwaeleze jinsi ilivyopangwa. Mgeni anakaa dakani, nje. Akiingia tekani, njia inapinda, hivyo hata mlango ukiwa wazi aliye nje haoni ndani. Kuna nyumba zilizounganishwa juu kwa wikio, yaani daraja linalopita juu ya kichochoro, na wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Jengo zima ni mpango wa nani aone nini. Wajenzi wake waliuandika mpango huo kwa mawe miaka mia kadhaa kabla yetu kuanza kuandika wetu kwa kompyuta. Kamera ya kiwandani inaufuta kwa dakika tano.

Nilimjibu hivi: kamera ya mlangoni ninaweza kufunga, ikitazama mlango wake tu na si kichochoro, na ikiwa na kibao kinachosema ipo. Za ndani, sivyo. Mle anaishi mwangalizi na mkewe, na wanawake wa majirani wanaingia na kutoka. Nikamkumbusha pia kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, mwangalizi naye ni kila mtu. Akasema nyumba ni yake. Ni kweli, nyumba ni yake.

Akatafuta mafundi wengine. Kazi ile ingenilipa mapato ya miezi minne. Mwenzangu fundi hakunung'unika, ingawa ana watoto watatu shuleni na ilikuwa haki yake kunung'unika. Sijui kama kamera zile zipo sasa. Nikipita kichochoro kile natazama chini, na nadhani si mimi peke yangu.

6. Hesabu

Je, inalipa? Ukihesabu kufunga peke yake, hapana. Vifaa vinatoka Nairobi au ng'ambo, vinafika Mokowe, vinavuka kwa boti, na mwisho vinapanda punda. Kila hatua ina mkono wake. Kazi yenyewe ina msimu: wageni wako wengi kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, na mvua za masika zikianza nyumba nyingi za Shela zinafungwa mpaka Julai. Zaidi ya hapo, biashara yoyote inayotegemea wageni hapa iko juu ya mchanga. Watekaji walikuja mwaka 2011, wageni wakakimbia. Mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 yakaleta amri ya kutotoka nje usiku. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa kwa ajili ya korona. Kila mara waliofunga duka ni wale waliokula kwa mauzo ya siku.

Kwa hiyo mkataba wangu haujengwi juu ya kufunga. Kufunga nalipisha gharama na faida kidogo. Pesa iko katika ada ya mwezi: ninatazama nyumba kila siku kwa kompyuta, na ninakwenda kwa miguu mara mbili kwa mwezi, kitu kiharibike kisiharibike. Napangusa chumvi, natazama betri, nazungumza na mwangalizi. Mwenye nyumba analipa hata akiwa hayupo, na hasa akiwa hayupo. Nina nyumba sita za namna hii. Zikifika kumi nitaacha kuandika programu za watu wa Nairobi usiku. Kwa sasa bado naziandika, na bila hizo masika iliyopita ningekopa.

Hapa ndipo ukweli wa biashara hii unapoonekana. Mtu yeyote anaweza kununua vifaa na kuvifunga kwa siku mbili. Atakayebaki ni yule atakayerudi, na katika mji mdogo huwezi kurudi mahali ambapo umemfanyia mtu uchunguzi wa siri. Kazi ile ya kamera nne ningeichukua, ningepata miezi minne ya mapato na kupoteza milango yote ambayo huwa nafunguliwa na akina Ami. Naomba msinione mtakatifu. Nilikataa kwa dhamiri, lakini hata daftari la hesabu lilikuwa upande wa dhamiri.

7. Taa tatu

Nimalizie na kazi ndogo kuliko zote. Maji ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vya Shela. Mvua inazama katika vilima vya mchanga na kukaa chini yake. Ukivuta kupita kiasi, maji ya bahari yanaingia. Kwa hiyo tangi linalofurika usiku kucha si hasara ya mwenye tangi peke yake, ni maji ya wote yanayomwagika kichochoroni. Wazee walilijua hili. Ndiyo maana visiwani kwetu kuna majabia ya kuhifadhi maji ya mvua, na ndiyo maana katika birika la nyumba waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, maji yakae safi. Kihisi cha kwanza kilikuwa samaki!

Msikiti mmoja hapa mtaani uliniomba nizuie tangi lao kufurika. Hawakutaka simu, wala intaneti, wala programu yoyote. Niliwafungia boya la kukata pampu tangi likijaa, na taa tatu ukutani karibu na mahali pa kutawadhia: kijani limejaa, njano nusu, nyekundu linakaribia kwisha. Gharama yake yote haikufika bei ya kamera moja nzuri. Sasa watoto wa madrasa ndio wanaozitazama, na ikiwaka nyekundu kuna mashindano ya nani atamwambia maalim kwanza.

Tangu wakati huo majirani watano wamenijia wakitaka "zile taa za msikitini". Hawa si wenye nyumba wa ng'ambo. Ni watu wa hapa, wanalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na korona au vita haviwafukuzi mjini. Ninatengeneza ubao mmoja unaoweza kufungwa na fundi yeyote bila mimi kuwepo, wenye michoro iliyoandikwa Kiswahili. Ukikamilika nitauweka hapa bure, michoro na programu yake, mtu wa Faza, Pemba au Kilwa auchukue autumie.

Wateja wa Shela bado nawahitaji, nisidanganye. Lakini kama mtaniuliza mwakani biashara hii itasimama juu ya nini, naona inaelekea kwenye zile taa tatu.

Haya, kahawa imepoa na kesho nina pampu ya kutazama. Mwenye kufanya kazi hizi Zanzibar, Mombasa au kwingineko aniambie chumvi anaizuiaje. Vanishi yangu inaisha, na bei yake imepanda tena.